Bahasha Iliyokwenda Muyama

Wanangu mnaofanya kazi niliyoiacha, mwezi uliopita mmoja wenu alinionyesha karatasi ambayo wachumba wa kanisa letu hupewa wakishafika kupima virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa dawa isiyo yake. "Mama," akaniambia, "hii ina mistari miwili tu. Fulani na fulani wamefika. Wamezungumza na mhudumu. Majibu hayamo. Sasa inamsaidia nani?"

Nilimwambia nitaandika, kwa sababu jibu lake ni refu na chai ilikuwa inapoa. Karatasi hiyo niliitunga mimi. Kabla yake nilikuwa nimetunga nyingine, yenye majibu, na hiyo ya kwanza nusura ivunje ndoa ya binti mmoja wa Heru Juu. Nawaandikia kosa pamoja na dawa yake, maana kwenye semina mtapewa dawa peke yake.

Unesi niliuanzia Kibondo, chini ya muuguzi mkubwa tuliyemwita Dada Perusi. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye Kiha cha kubembeleza na Kiswahili cha kugombeza. Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha ushauri aliniambia, "Kabla hujamchoma mtu kidole, mwulize ameacha nini jikoni." Nilidhani ananitania. Akaingia mama mmoja, nikamweleza habari za virusi kwa ufasaha wote niliotoka nao chuoni, naye akawa anaitikia eeh, eeh, eeh. Nilipomwomba arudie nilichosema, akanitazama kwa huruma. "Nesi, nimeacha maharage motoni."

Tangu siku hiyo nikawa nauliza. Mwenye maharage motoni nilimwambia akayaepue kwanza, arudi. Wengi walirudi, na waliorudi walisikia.

Dada Perusi ndiye aliyenifundisha pia habari ya benchi. Nje ya chumba chetu palikuwa na benchi moja refu, na waliokaa hapo hawakuwa na kazi nyingine ila kupima muda wa mwenzao. Aliyeingia akatoka upesi walimpongeza kwa macho. Aliyechelewa ndani, akitoka walisogea kando na kumwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Hakuna aliyetangaza kitu. Muda ndio uliotangaza. Basi tukaweka sheria yetu wawili: kila mtu atakaa ndani kwa muda ule ule, awe na neno au asiwe nalo. Asiye na neno tulipiga naye soga mpaka muda utimie. Kwa njia hiyo nimejua majina ya mbuzi wengi wa Kibondo. Mzee mmoja aliwahi kunikasirikia: "Umeshanipa majibu, sasa unanishikilia nini?" Nikamwambia namshikilia kwa ajili ya anayefuata. Hakuelewa, lakini alikaa, tukazungumza mihogo.

Likumbukeni benchi hilo. Mimi nililijua kuliko wote, na bado nililisahau.

Baadaye nilihamia Kasulu, na kanisa likaniomba niratibu kazi yake ya kuzuia maambukizi. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa bado haijafungwa. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeshafika, na ugumu wa kazi haukuwa tena kwenye dawa. Mama mmoja wa Kikongo kule kambi ya Nyarugusu, shemasi wa kanisa lake, alinieleza kwa sentensi mbili jambo ambalo mimi nilikuwa nalieleza kwa saa nzima: "Mama, batu habaogopake dawa. Banaogopaka macho ya batu." Nikaliandika kwenye daftari, nikalipigia mstari, nikafunga daftari. Kuandika ni rahisi.

Macho ya watu niliyaona kila mahali. Wanawake walijaza pamba kwenye kopo la vidonge ili lisilie wakiwa juu ya pikipiki. Mwenye duka mmoja wa Kasulu mjini, Mwislamu mcha Mungu ambaye wazee wake walitoka Tanga, aliniruhusu nizungumze msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Nilipomaliza akaniambia kwa upole, "Dada, swala yenyewe haikuchukua muda huo." Lakini wiki hiyo hiyo alinipa chumba nyuma ya duka lake nipimie. "Mtu akiingia zahanati ataulizwa anaumwa nini," alisema. "Akiingia dukani, nani atamwuliza?" Hilo nalo liandikeni.

Na palikuwa na Mchungaji Yeremia, mchungaji wangu, ambaye nilifanya naye kazi mpaka nilipostaafu. Alikuwa mrefu, wa taratibu, mpenda orodha. Siku moja muumini wetu alikuja akisema ameombewa mahali, amepona, ameacha dawa. Mimi ningebishana naye hadi mchana. Mchungaji akasema, "Bwana asifiwe. Lete kopo." Likaletwa. Akaweka mkono juu yake, akaliombea lile kopo sala ndefu, akalifungua, akampa yule mtu kidonge na maji. "Sasa meza, kimeshaombewa." Akameza. Kila mwezi alikuja na kopo lake liombewe. Kwa Mchungaji Yeremia nilijifunza kwamba imani ya mtu huingii nayo vitani. Unaikaribisha ikae, halafu unaipa kazi.

Basi mimi na yeye, watu wawili wenye nia njema, ndio tuliotengeneza kosa.

Mnajua ndoa ya kanisa letu hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi aseme. Tukaamua kwamba wachumba wapime kwangu, mimi niandike majibu, niyafunge kwenye bahasha, nimfikishie Mchungaji kabla ya Jumapili ya tatu. Bahasha isipofika, tangazo la tatu halisomwi. Lengo lilikuwa mtu asioe wala kuolewa gizani. Kwenye mkutano wa wachungaji nilipigiwa makofi, na nawaambia ukweli, niliyapenda.

Jumamosi moja wakaja Domina na Bukuru, wa Heru Juu. Domina alikuwa fundi cherehani na mwimbaji wa kwaya. Bukuru alikuwa mchoma matofali, mtu wa maneno machache, mikono imepasuka kwa udongo. Niliwapima, nikawapa majibu wakiwa pamoja, wakakaa muda wote wa sheria. Nikaandika, nikafunga bahasha kwa gundi. Nilitaka kuipeleka kwa Mchungaji jioni ile, mvua ikanizuia. Nikaichomeka katikati ya kitabu changu cha nyimbo ili niipeleke asubuhi.

Asubuhi gari lililokuja kunichukua lilifika mapema kuliko tulivyopatana. Nilikuwa na semina ya akina mama Muyama, siku mbili. Nikachukua mkoba, kitabu cha nyimbo kikiwa ndani, nikaenda. Muyama tuliimba sana. Nilikifungua kitabu kile mara nyingi, lakini si kwenye ukurasa ule.

Jumatatu nilishuka stendi ya Kasulu, nikampata Samweli, dereva wa bodaboda niliyezoea kupanda naye, baba wa watoto watano na kituo kizima cha habari.

"Mwakeye, mama," akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Samweli. Habari za hapa?"

"Za hapa zipo. Domina wa kwaya amepatikana."

"Amepatikana na nini?"

"Mama na wewe! Jana zilikuwa ndoa tatu za kutangazwa. Wamesoma mbili, ya kwake wakairuka. Kanisa zima likakohoa."

"Nani amesema anaumwa?"

"Hakuna aliyesema," akajibu Samweli huku akiwasha pikipiki. "Ndiyo maana tumejua."

Nikafungua mkoba hapo hapo stendi. Nikakitikisa kitabu cha nyimbo, na bahasha ikaanguka kwenye vumbi, gundi ikiwa haijaguswa. Samweli aliitazama, akanitazama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa shati lake.

"Tupitie kwa Mchungaji," nikamwambia, "kisha Heru Juu."

Njiani ndipo benchi la Kibondo liliponijia. Nilikuwa nimelijenga upya ndani ya kanisa, na safari hii nilikuwa nimewakalisha waumini wote juu yake.

Mama yake Domina alikuwa anamenya mihogo uani. Aliitika salamu bila kuinua kichwa, na kisu kikaendelea. Jana mchana, akauambia muhogo aliokuwa ameushika, Mzee Kagoma, baba yake Bukuru, alituma wazee wawili kusema shughuli isimame kwanza. Hawakusema kwa nini. Walikataa hata maji ya kunywa.

Domina alitoka ndani na tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Jana yake, wakati tangazo lake liliporukwa, alikuwa amesimama mstari wa mbele wa kwaya, mahali ambapo mtu hawezi kuinamisha kichwa. Baada ya matangazo ilikuwa zamu ya kwaya kuimba. Aliimba.

"Mama, sisi tulikukosea nini?" akaniuliza.

Nikamwonyesha bahasha. Nikamweleza mvua, gari, Muyama. Nilipomaliza, mama yake akachukua muhogo mwingine.

Mchungaji Yeremia alifika, na Bukuru akaja kutoka kwenye tanuri lake akiwa na jivu miguuni. Tukakaa wanne kwenye vigoda. Mchungaji alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hutafuta njia fupi. Akasema tuwaite wazee wa pande zote mbili, bahasha ifunguliwe mbele yao, maneno yaishe. Nikakubali. Msitafute kitu ndani ya kukubali kwangu. Siku hiyo ningekubali lolote.

"Mkishafungua?" akauliza Domina.

"Watu watajua ukweli, binti yangu."

"Mchungaji, jana mlisoma wenzangu wawili. Mkisema leo Domina ni mzima, Jumapili ijayo kila mtu atataka asemewe hivyo. Asiyesemewa ataenda wapi? Na mkifungua mkakuta si mzima, mtanipeleka wapi mimi?" Akaivua ile tepu shingoni, akawa anaikunja polepole. "Si mnaona, kwa njia yoyote kuna mtu anatolewa nje. Mimi nilitolewa jana. Sitaki kumtoa mwingine."

Mchungaji akamgeukia Bukuru, labda akitumaini kwamba mwanaume atakuwa rahisi.

"Mimi nilikuwemo chumbani," akasema Bukuru. "Ninachokijua nakijua. Na namwoa."

"Baba yako je?"

"Baba ameniuliza toka jana. Nimemwambia simwambii. Amenikatalia kula naye."

Bahasha nikamkabidhi Domina. Ilikuwa yake tangu mwanzo. Lakini harusi ilikuwa bado imesimama, na aliyeisimamisha alikuwa mzee mmoja tu.

Jumatano Mzee Kagoma akaja mwenyewe kliniki. Alipita kwenye benchi bila kusalimu, akaingia, akafunga mlango.

"Nesi, nataka kuiona bahasha."

"Ameshapewa mwenyewe, mzee."

"Basi niambie kwa mdomo. Mimi ni baba."

"Karibu kiti kwanza. Umeacha nini nyumbani?"

"Nimeacha aibu," akasema, akakaa.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini swali ambalo nadhani ndilo lililomleta. "Hivi mtu akiwa nao, anakufa baada ya muda gani?"

"Akimeza dawa anazeeka, mzee. Anakuwa mbishi kama wewe. Ninayemhofia mimi ni yule asiyejua. Wewe umewahi kupima?"

"Mimi? Nina wajukuu!"

"Wajukuu si kinga."

Alitaka kukasirika, nikaona hasira inapanda, kisha ikakwama. Macho yake yakaenda mlangoni, kule nje walikokaa watu. "Nikipima, hao wa benchi watajua?"

"Watajua umeingia na umetoka."

"Na Bukuru, utamwambia?"

"Simwambii."

"Hata akija kukuomba kama nilivyokuomba mimi?"

"Hata akinililia."

Mzee Kagoma alikaa na hilo. Mimi sikusema kitu. Wanangu, ushauri wote mnaofundishwa, theluthi yake ni kunyamaza mahali pake. Mwishowe akaweka mkono wake juu ya meza, kiganja kikiangalia juu.

Nilimpima, nikamweleza majibu yake, akakaa muda wote wa sheria. Tulizungumza migomba. Alipoinuka akakumbuka jambo. "Sasa nyumbani nitaonyesha nini? Mama yao hataamini kwamba nilifika huku." Nikachukua karatasi tupu, nikaandika: Mzee Kagoma amefika. Amezungumza na mhudumu. Nikagonga muhuri. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Basi hii ndiyo mngewapa wale watoto," akasema mlangoni. Na alipopita kwenye benchi safari hii, aliwasalimu wote.

Mnaona? Nimesema karatasi hiyo niliitunga mimi. Mkono ulikuwa wangu, lakini wenye karatasi ni Domina aliyekataa na mzee aliyeuliza.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Yeremia alisimama na orodha yake. Akasema wiki iliyopita kuna jina halikusomwa kwa sababu bahasha haikufika, na aliyeibeba yupo kanisani. Nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyekwenda nayo Muyama ndani ya kitabu cha nyimbo. Nikasema kosa kubwa kuliko hilo ni kwamba niliwafundisha watu kusoma ugonjwa kwenye ukimya, na naomba msamaha. Nikaeleza kwamba bahasha hazipo tena. Wachumba watapima, majibu watayajua wao wenyewe, na mimi nitawasindikiza kwa lolote lililomo. Kanisa litapewa karatasi ya mistari miwili, ya namna moja kwa wote.

Ndipo Mzee Kagoma akainuka upande wa wazee, akatoa karatasi mfukoni, akaipunga.

"Na mimi ninayo! Nilifika, nikazungumza. Na majibu yangu hamtayajua hata mkikohoa."

Kanisa likacheka mpaka watoto waliokuwa wamelala wakaamka. Katikati ya kicheko kile Mchungaji akasoma tangazo la tatu la Bukuru na Domina, na nilimwona Domina kwenye mstari wake wa mbele amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakicheka au yakilia, sikuweza kujua.

Bahasha za wachumba waliotangulia zilikuwa kwenye kabati la Mchungaji, na alikiri kwangu kwamba kila alipompa mtu ushirika alijua asichopaswa kujua. Tulizipeleka kwenye tanuri la Bukuru kabla hajaliziba. Yalitoka matofali mekundu kama mengine. Baada ya harusi wachumba walianza kuja bila kusukumwa, wengine na wazazi wao, mpaka tukaomba benchi la pili.

Nashukuru kwa mambo mengi katika kazi hii. Nashukuru kwamba nimeishi kuona vipimo ambavyo mtu anajipima mwenyewe chumbani kwake, na mama mwenye virusi akimnyonyesha mtoto asiye navyo. Namshukuru Dada Perusi na ukali wake. Lakini nikipiga magoti, wa kwanza ninayemtaja ni fundi cherehani aliyepewa nafasi ya kujitetea peke yake, akaikataa. Sijakutana na mahubiri yaliyonifundisha zaidi.

Najua mmesoma mpaka hapa mkingoja niseme ndani ya bahasha mlikuwa na nini. Mnaweza kuendelea kungoja.

Mzee Kagoma amefariki juzi juzi, kwa uzee wake, usingizini. Nilikwenda matangani Heru Juu. Bukuru alikuwa amepanga vitu vya baba yake, na ndani ya Biblia ya mzee, kwenye Zaburi, alikuta karatasi imekunjwa mpaka mikunjo imepasuka. Akanipa niione. Muhuri ulikuwa umefifia, mwandiko wangu bado ulisomeka. Binti mmoja wa ukoo, yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, akachungulia juu ya bega langu, akaisoma, akaninong'oneza: "Bibi, kwani majibu yake yalikuwaje?"

Domina alikuwa karibu yetu anawapakulia wageni. Sauti yake ya kwaya haijazeeka. Akajibu kabla yangu.

"Alifika," akasema, akaendelea kupakua maharage.